Je, Wajua? Mistari Miwili, Vyura wa Cape Town na Udongo wa Sokoni

Ukikatiza Kariakoo kutoka Msimbazi kuelekea Lumumba, utapita maduka ya dawa hadi uchoke kuhesabu. Karibu kila moja lina kijikaratasi chembamba cha kupimia mimba kwa mkojo ndani ya pakiti ya karatasi ya fedha. Mteja huinama kidogo dirishani, hushusha sauti: "UPT ipo?" Muuzaji humkunjia bila maswali. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, lakini ndani ya pakiti ile kuna kingamwili za panya na chembe za dhahabu, na nyuma yake kuna miaka zaidi ya 3,000 ya binadamu kuuliza swali lilelile: ipo au haipo? Haya, twende.

Wiki mbili za kwanza za mimba huwa hakuna mimba

Nesi akikwambia una mimba ya wiki sita, kilichomo tumboni kina wiki nne tu. Hesabu ya kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Siku yai lilipokutana na mbegu hakuna aliyeiona. Kutoka hapo huhesabiwa siku 280 hadi tarehe ya matazamio. Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa, iwe Mnazi Mmoja au Amana, ni "siku zako za mwisho uliziona lini?" Na ndiyo maana mume aliyerudi safari wiki tano zilizopita, akisikia daktari anasema "wiki saba", asianze kufungasha mabegi. Hesabu iko sawasawa kabisa.

Mtoto hukaa kimya zaidi ya wiki nzima

Yai likisharutubishwa halijitangazi. Huteremka taratibu kwenye mrija, huingia kwenye mji wa mimba, na likishajishikiza ukutani ndipo homoni ya mimba, hCG, huanza kumwagika kwenye damu ya mama. Watafiti wa Marekani waliofuatilia mimba 189 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999 waligundua kwamba katika mimba 84 kati ya kila 100 zilizofika mbali, jambo hilo hutokea siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kupevuka. Kabla ya hapo hakuna kipimo cha mkojo kitakachoona kitu, hata kiwe cha bei gani.

Kwa hiyo yule shoga yako anayekimbilia duka la dawa siku tatu baada ya "lile jambo" anatupa hela yake. Watafiti haohao walikokotoa zaidi: siku ya kwanza ya kukosa hedhi, hata kipimo kamilifu hakiwezi kunasa zaidi ya mimba 90 kati ya 100, kwa sababu mimba 10 zilizobaki bado hazijajishikiza. Ukisubiri wiki moja baada ya siku uliyotarajia hedhi, zinazonaswa zinafika 97. Tofauti ya siku saba tu! Ukipima mapema ukapata mstari mmoja na hedhi bado haijaja, hujapata jibu la hapana. Rudia baada ya wiki.

Na kasi yake je? Mwanzoni hCG hujizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Vipimo vingi vya madukani vimeandikwa 25 kwenye pakiti, maana yake huanza kuiona homoni ikifika uniti 25 kwa lita. Mpe mtu shilingi 25, mwongezee maradufu mara 12 tu, utajikuta unamdai shilingi 102,400. Hivyo ndivyo homoni hii inavyoweza kuvuka uniti 100,000 kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Ule mstari mwekundu mara nyingi ni dhahabu

Si mfano wa maneno. Katika vijikaratasi vingi vya aina hii, rangi ile nyekundu ya waridi hutoka kwenye chembechembe za dhahabu halisi, ndogo mno hata mamilioni yake hayajazi ncha ya sindano. Dhahabu ikisagwa kiasi hicho huacha kung'aa njano na kuwa nyekundu. Kila chembe imebandikwa kingamwili, aghalabu za panya, zilizofunzwa kuikamata hCG na kuacha kingine chote. Mkojo unapopanda kwenye karatasi huzibeba chembe hizo. Ikiwa homoni ipo, hunaswa kwenye mstari wa T na dhahabu hujikusanya hapo hadi jicho lione. Mstari wa C huonekana kwa vyovyote vile, kwa sababu kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo kiko hai. C isipotokea, tupa; hujapimwa.

Mbinu ya kutengeneza kingamwili za namna hiyo kwa wingi, zote zikifanana, ilivumbuliwa Cambridge mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, nao wakapewa Nobeli mwaka 1984. Kile kipimo cha haraka cha malaria wanachokuchoma nacho kidole kwenye zahanati ni ndugu wa karibu wa UPT. Hutofautiana wanachokitafuta tu. Mwenye kutamba na mkufu wake mpya wa Geita, basi, asimcheke mwenye kijikaratasi.

Jua la Januari laweza kukifanya kipimo kidanganye

Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Sasa pima mwenyewe: Dar es Salaam ya Januari hadi Machi hufika nyuzi 31 au 32 mchana, tena kivulini. Pakiti iliyoshinda juani kwenye kibanda cha mabati imepikwa. Kingamwili ni protini, na protini ikipikwa husahau kazi yake. Nunua penye kivuli na mzunguko wa wateja, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na usifungue pakiti hadi dakika ya kupima, kwa sababu unyevu wa hewa yetu ya pwani nao ni adui.

Mkojo wa kwanza wa alfajiri ndio bora, hasa kwa mimba changa, maana umekaa kibofuni usiku kucha na homoni imejikusanya. Ukinywa maji lita mbili ili upate mkojo haraka, umeizimua homoni mwenyewe. Kisha soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa, mara nyingi tatu hadi tano. Mstari wa T hafifu, wenye rangi, ndani ya muda huo, ni mstari. Ule wa kijivu unaojitokeza baada ya nusu saa ni alama ya mkojo uliokauka, na umeshaliza na kuchekesha watu wengi bure.

Dawa ya meno hupovukia hata ndimu

Kuna mafundisho yanazunguka kwenye simu: changanya mkojo na sukari, au chumvi, au dawa ya meno, ikipovuka, una mimba. Dawa nyingi za meno zina kalsiamu kaboneti, na kitu hicho hutoa povu kikikutana na asidi yoyote. Mkojo wa mtu yeyote, hata wa babu, kwa kawaida una asidi kidogo. Kamulia ndimu kwenye dawa ya meno uone ndimu hiyo ina mimba ya miezi mingapi. Sukari na chumvi hazina hata ujanja huo.

Kichefuchefu hakitazami saa

Watu husema kichefuchefu cha asubuhi, lakini uchunguzi mmoja wa Canada uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba chini ya wajawazito 2 kati ya 100 ndio waliosumbuliwa asubuhi peke yake. Wengi wa waliopata kichefuchefu walikuwa nacho kutwa. Kwa ujumla huwapata wajawazito 7 au 8 kati ya 10, huanza kama wiki ya tano au ya sita, hushika kasi karibu na wiki ya tisa, kisha hulegea. Mwulize mama yeyote aliyewahi kushuka Shimoni, ile sehemu ya chini ya soko la Kariakoo, akiwa na mimba ya miezi miwili: harufu ambayo jana ilikuwa ya kitoweo, leo inamtoa nje mbio.

Sababu yake ilikuwa fumbo hadi Desemba 2023, ambapo watafiti, akiwamo Marlena Fejzo wa Marekani, walionyesha kwamba mkosaji mkuu ni homoni iitwayo GDF15. Nyingi yake hutengenezwa upande wa mtoto na kondo la nyuma, nayo hugonga sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Cha ajabu zaidi ni hiki: wanawake waliokuwa na kiwango kikubwa cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba huteseka kidogo, maana mwili umeshaizoea, waliokuwa nayo kidogo ndio wanaopigwa hasa. Fejzo mwenyewe alitapika vibaya sana katika mimba yake ya mwaka 1999 hadi akampoteza mtoto, na hiyo ndiyo iliyomsukuma kutafuta jibu kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtu amwambie shemeji yake anayedai mke wake "anadeka tu". Chai ya tangawizi huwasaidia wengi. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kutwa nzima huyo ni wa hospitali, si wa tangawizi.

Udongo una bei, na una wateja

Pembeni mwa ndizi na ukwaju, utawaona akina mama wamepanga vijiti vya udongo vya rangi ya kahawia au kijivu. Hivyo ni pemba, na wateja wake wakubwa ni wajawazito. Katika utafiti uliofanyika kwa wajawazito 971 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, Dar es Salaam, karibu 3 kati ya 10 walikiri kula udongo mara kwa mara. Kwa wengine hamu hii ndiyo dalili ya kwanza, hutangulia hata kutapika: binti anapita karibu na ukuta ulionyeshewa mvua na mate yanamjaa.

Mtafiti Sera Young, aliyekaa kisiwani Pemba akiwasikiliza wanawake wala udongo na kuandika kitabu kizima juu yake mwaka 2011, anaona huenda mfinyanzi hulinda utumbo dhidi ya sumu na vijidudu. Nadharia nzuri. Lakini huohuo unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe, mwili ukapungukiwa damu wakati inapohitajika zaidi. Katika utafiti ule wa Dar, wala udongo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata minyoo. Na kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, udongo unaoliwa na wajawazito umekutwa na arseniki na zebaki. Mimi ningekula ukwaju.

Shangazi hutazama shingo

Kila familia ina shangazi ambaye hahitaji UPT. Anakaa mkekani, anakukodolea shingo, anatazama ule mshipa unaodunda juu ya mtulinga, kisha anatangaza. Na si ushirikina mtupu. Moyo wa mjamzito huanza kuongeza kazi mapema kabisa, kama wiki ya tano, na kabla mimba haijakomaa damu anayosukuma kwa dakika huwa imepanda kwa asilimia 30 hadi 50. Figo nazo hukimbizana: hadi kufika mwezi wa tatu zinachuja damu karibu mara moja na nusu ya kawaida. Mfanyabiashara wa vitenge wa Mtaa wa Kongo hulitambua hilo kwa kuhesabu sarafu zinazokwenda choo cha kulipia.

Ila shangazi hukosea pia. Upungufu wa damu, homa, hata wasiwasi wa kukodolewa macho hufanya mshipa udunde vilevile. Matiti kuuma na kujaa, chuchu kuwa nyeusi zaidi, uchovu wa kulala saa moja jioni, kuchukia marashi uliyoyanunua mwenyewe: kila dalili ina maelezo mengine, na mwanamke anayekaribia hedhi anaweza kuwa nazo karibu zote bila mimba yoyote.

Mbu wamfuata mama kuliko jirani yake

Nchini Gambia watafiti walilaza wajawazito na wasio wajawazito kwenye vibanda vinavyofanana, wakahesabu mbu. Wenye mimba walivutia mbu wa malaria mara mbili ya wenzao. Wenye mimba kubwa walipumua hewa nyingi zaidi kwa asilimia 21, na ngozi ya tumbo ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 0.7, na mbu hunusa pumzi na kufuata joto. Chandarua kinachogawiwa kwenye hudhurio la kwanza la kliniki hakikuwekwa pale kama zawadi ya harusi.

Mchezo mbaya ni kwamba mimba changa na malaria hufanana: uchovu, kichwa, kichefuchefu, mwili kuchemka kidogo. Mtu anakwenda duka la dawa, anaomba dawa ya malaria bila kupima hili wala lile. Dawa za SP ambazo kliniki huwapa wajawazito kama kinga hazitolewi kabla ya wiki ya 13. Kama hedhi imechelewa hata siku chache, mwambie muuzaji kabla hajafungua droo, na mwambie mpiga picha wa eksirei kabla hajawasha mashine.

Uti wa mgongo hufungwa kabla hujanunua kipimo

Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 hivi baada ya utungisho. Kwa kalenda ya kliniki hiyo ni wiki ya sita, wakati wanawake wengi bado wanajiambia "mwezi huu zimechelewa tu". Usipofungika vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na watoto hao hufika Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili, kutoka kila pembe ya nchi. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari hiyo, lakini lazima iwemo mwilini kabla ya mimba kujulikana.

Hapo ndipo chapati inapoingia. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania unatakiwa kuongezwa asidi ya foliki pamoja na madini ya chuma. Andazi la alfajiri kituo cha Gerezani, kwa hiyo, linaweza kuwa linafanya kazi ambayo mlaji hajaiomba. Haliwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya kliniki, lakini hufika mapema kuliko nesi. Katika takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16, ni wanawake 24 tu kati ya 100 walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, ingawa karibu wote hatimaye walifika.

Damu inaweza kuja na mimba ikawepo

Takriban mwanamke 1 kati ya 4 hutokwa na damu kidogo katika miezi mitatu ya kwanza, na wengine huihesabu kuwa hedhi. Tarehe zote zikavurugika mwezi mzima. Kinyume chake nacho ni kweli: hedhi inaweza kukosekana bila mimba. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kijiti, kunyonyesha, msongo wa mawazo, kukonda ghafla, vyote huweza kuifunga. Na anayenyonyesha asijiamini kupita kiasi, maana yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Ndio wale wanaojikuta na mimba ya pili bila kuona siku zao hata mara moja kati ya watoto wawili.

Jingine ambalo halisemwi sana: utafiti wa mwaka 1988 uliopima mkojo wa wanawake kila siku ulinasa mimba 198, na 43 kati yake zilitoka kabla mwenyewe hajajua kama zilikuwepo. Kwao ilionekana ni hedhi ya kawaida. Vipimo vya sasa vinavyonasa mapema vimewapa watu furaha ya mapema, na pia huzuni ambayo bibi zetu hawakuwahi kuijua.

Ngano ilikuwa maabara

Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mwanamke alikojolea mbegu za ngano na shayiri kila siku. Zikiota, ana mimba. Ngano au shayiri ikitangulia, ndiyo ingesema ni mvulana au msichana. Mwaka 1963 wanasayansi walijaribu upya, na wakakuta mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu mara 70 kati ya 100, ilhali wa wanaume na wa wasio na mimba haukuotesha. Kuhusu jinsia, ngano haikujua lolote.

Kisha wakaja wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walidunga mkojo kwenye panya wachanga na kutazama ovari zao. Mwaka 1931 Mmarekani Maurice Friedman akatumia sungura. Hadithi ilienea kwamba sungura akifa basi mimba ipo. Ukweli ni kwamba sungura walichinjwa wote, wawe wameleta habari njema au mbaya.

Afrika ndiyo iliyookoa sungura. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town, aliona kwamba chura wa majini wa Kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, hutaga mayai akidungwa homoni fulani. Watafiti wa palepale, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wakathibitisha mwaka 1933 na 1934 kwamba mkojo wa mjamzito hufanya hivyohivyo. Dunga jioni, asubuhi mayai yamo ndani ya chupa, na chura yuko hai, anangoja mteja mwingine. Maelfu kwa maelfu walisafirishwa Ulaya na Marekani hadi miaka ya 1960. Waliotoroka maabara au kuachiwa wakazaliana porini, na vizazi vya Xenopus vimewahi kuishi madimbwi ya Wales.

Ndugu yao Xenopus muelleri anaishi hapahapa pwani ya Tanzania. Lakini kwa maajabu ya uzazi, chura wetu wa Kihansi anawapita wote: yeye hatagi kabisa, hubeba mimba na kuzaa vitoto vilivyokamilika. Alitoweka porini, akatangazwa hivyo mwaka 2009, akazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa kwenye maporomoko yake.

Aliyebuni kipimo cha nyumbani aliahidiwa dola moja

Margaret Crane alikuwa na miaka 26 mwaka 1967, mbunifu wa vifungashio kwenye kampuni ya dawa ya Organon, New Jersey. Aliona safu ya mirija ya kupimia mimba maabarani, chini yake kioo, akawaza: mwanamke hawezi kufanya hivi chumbani kwake? Akaunda mfano kwa kutumia kisanduku cha plastiki cha vibanio vya karatasi. Wakubwa walishtuka kwanza. Daktari ndiye aliyezoea kumwambia mwanamke habari za mwili wake. Kipimo chake kilianza kuuzwa Canada mwaka 1971, Marekani mwaka 1977. Toleo hilo la Marekani lilikuwa na chembe za damu ya kondoo, kioo kidogo, na subira ya saa mbili bila kukitikisa. Haki ya uvumbuzi wake aliisainia kampuni kwa dola moja, na mwenyewe amesema dola hiyo hakuiona. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la Smithsonian lilinunua mfano wake wa kwanza kwa dola 11,875.

Kifaa kilichobuniwa ili mwanamke ajipime kwa siri kilikuja kutumika kinyume chake katika shule nyingi za Tanzania: wasichana walipangwa foleni wakapimwa, na aliyekutwa na mimba akafukuzwa. Novemba 24, 2021 serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi darasani, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofikishwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na wenzao, iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji huo wa lazima.

Mistari miwili haisemi mimba iko wapi

Mimba 1 au 2 kati ya 100 hujishikiza nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija. UPT itatoa mistari miwili kama kawaida, maana homoni ni ileile. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu, kuzimia, maumivu ya ajabu begani: mojawapo ya hayo pamoja na hedhi iliyochelewa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, si ya kusubiri mwendokasi wa asubuhi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani, pasipoonekana.

Mume naye hutapika

Watu hucheka, lakini ipo. Mwaka 2000 watafiti wa Canada walipima damu ya wanaume waliokuwa wakitarajia mtoto, wakakuta waliolalamikia dalili nyingi za mimba walikuwa na prolaktini nyingi zaidi, homoni ambayo kwa mama huleta maziwa. Basi yule jamaa wa Gerezani anayekula maembe mabichi na chumvi huku mkewe akiwa mzima wa afya, mwacheni.

Akijipima kwa utani kwenye UPT ya mkewe atapata mstari mmoja. Ikitokea miwili, utani umekwisha: baadhi ya saratani za korodani hutengeneza hCG ileile, na hutibika vizuri zikiwahiwa. Aende kwa daktari wiki hiyohiyo, na kijikaratasi chake akiweke mfukoni aende nacho.